Jimbo Litamsomesha, Akionekana Safi

Shuka ya kwanza inatoka kwenye mashine ikiwa bado inafuka mvuke. Twyla Estep anaidaka kwa pembe mbili, anaikung'uta, anaikunja bila hata kuitazama. Ni alfajiri. Juu yake wazee wa nyumba hii ya kutunzia wazee ya Sorrel Fork wangali wamelala, na huku chini, katika chumba cha kufulia, hakuna sauti nyingine ila ngurumo ya mashine.

Macho yake yako kwenye mfuko wa aproni. Humo mna simu, ambayo kwa kanuni za kazi ilipaswa kuwa kabatini. Ameiweka itetemeke tu, isilie. Lakini mashine nazo zinatetemesha sakafu, kwa hiyo kila baada ya muda mfupi Twyla anashtuka, anaichomoa, anaichungulia, anairudisha.

"Paja langu limeanza kutetemeka lenyewe," anasema, akijaribu kucheka. "Hata isipoita, nasikia inaita."

Anasubiri kupigiwa na daktari ambaye hajawahi kumwona. Daktari huyo yuko mji mwingine na ana majibu ya kipimo cha mkojo wa Twyla. Akiandika neno moja, jimbo la West Virginia litamlipia Twyla ada yote ya miaka miwili ya chuo. Akiandika jingine, habari imeishia hapo.

"Kukosa chuo nitavumilia, nimekosa mengi," anasema. Sauti yake inashuka ingawa chumbani hamna mtu zaidi yake na mwandishi. "Ninachoogopa ni kwenda kumwambia Shanda."

Shanda ni binti yake wa pekee, ana miaka kumi na saba na yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Haishi na mama yake. Anaishi na babu yake, Hobert Estep, baba mzazi wa Twyla, katika nyumba ya mbao iliyo kilimani juu ya kijito. Mahakama ilimpeleka huko akiwa mdogo, wakati ambapo mama yake, kwa maneno ya Twyla mwenyewe, "hakuweza kutunza hata paka."

Twyla ana miaka thelathini na tisa. Zamani alikuwa anapakia mizigo kwenye ghala moja kando ya barabara kuu. Siku moja sanduku lilimponyoka, akalidaka vibaya, bega likateguka. Hospitali wakampa vidonge vya maumivu.

"Mwanzo vilinipa usingizi. Baadaye vikanipa raha. Mwishowe vilikuwa havinipi kitu chochote, ila nikivikosa naugua kama mtu anayekufa."

Akauza gari. Akauza pete ya marehemu mama yake. Akauza msumeno wa mota wa baba yake, na hilo ndilo Hobert hajalisahau. Hadi leo Twyla akipiga hodi, mzee anapaza sauti kutoka kwenye kiti chake: "Shanda, funga banda, mama yako kaja!" Husema kwa mzaha. Lakini banda huwa limefungwa kweli.

Ni mwaka wa nne sasa tangu atoke kwenye nyumba ya kurekebisha waraibu. Kila asubuhi anaweka chini ya ulimi kipande chembamba cha dawa, kama karatasi, na kukiacha kiyeyuke. Dawa hiyo anapewa kwenye kliniki iliyo katika jengo ambalo zamani lilikuwa duka la viatu. Ndiyo inayomwezesha kuamka, kufua, kula, kulala. Kazini hakumwambia mtu hata mmoja.

Anapata dola kumi na tatu kwa saa. Zikishakatwa kodi, na akishalipa pango, umeme na mafuta ya gari, kinachobaki ni cha maharagwe na mkate wa mahindi. Hakuwahi kuwaza kusoma. Aliyewaza ni binti yake.

Ilikuwa Januari. Shanda alikuwa anatafuta ufadhili wake mwenyewe, kama wanavyofanya vijana wote wa mwaka wa mwisho wasio na baba tajiri. Alikuwa amejifunza njia zake: kwanza unaomba msaada wa serikali kuu, maana bila huo jimbo halikutazami, kisha unaingia kwenye ukurasa wa jimbo na kusoma kila ufadhili mmoja mmoja, huu wa wenye alama za juu, huu wa wenye kipato kidogo, huu wa watoto wa walimu. Alikuwa mezani jikoni kwa babu yake, na Twyla alikuwa amekuja kuwaletea supu.

"Mama," Shanda akasema, "huu si wangu. Huu ni wako."

"Wangu wa nini? Mimi shule niliachana nayo wewe hujazaliwa."

"Cheti cha sekondari unacho. Ulikipata kule ulikolazwa. Sikiliza basi. Mtu mzima, mkazi wa jimbo, hajawahi kupata shahada, anataka kusoma kitu ambacho jimbo lina uhaba nacho. Wanalipa ada yote."

Hobert akacheka kwenye kiti chake. Alichimba makaa ya mawe zaidi ya nusu ya maisha yake, na sasa mpira mwembamba wa oksijeni unapita puani mwake usiku na mchana. Kicheko chake huishia kwenye kikohozi.

"Serikali haijawahi kumpa mtu wa bonde hili kitu," akasema alipopata pumzi, "bila kumchomoa figo."

"Babu, pumua kwanza."

"Si napumua! Ningekuwa sipumui ningesemaje?"

Shanda akaendelea kusoma. Kulikuwa na masomo ya uhasibu, ya uuguzi, ya kuchomelea vyuma. Na kulikuwa na moja ambalo Twyla aliomba lisomwe mara ya pili: utaalamu wa kuwahudumia wagonjwa wa kupumua. Akautazama ule mpira wa oksijeni. Hospitali ya karibu yenye mtu wa kazi hiyo iko ng'ambo ya milima miwili, na mashine ya Hobert ikiharibika husubiri fundi hadi siku ya pili, huku familia ikihesabu mitungi ya akiba.

"Hapo moyo ulinidunda," anasema Twyla. "Nilijiona. Nilijiona kabisa, nimevaa ile sare ya bluu, nimeingia mlango huu huu, na baba anakosa cha kunitania."

Masharti hayakuwa mabaya. Akimaliza lazima afanye kazi ndani ya jimbo miaka miwili, la sivyo fedha zote zinageuka deni. "Niende wapi mimi?" akauliza, na wote wakacheka. Lazima ajitolee saa kadhaa kwa jamii. Sawa.

Kisha Shanda akafika mstari wa mwisho, na sauti yake ikapungua kasi. Kabla ya kila muhula mwombaji atapimwa dawa za kulevya, kwa gharama yake, na lazima aonekane safi.

Mashine ya oksijeni ilisikika ikivuta na kutoa.

"Si nilisema?" Hobert akanong'ona. "Figo ndiyo hiyo."

"Mama yuko safi, babu," Shanda akasema bila kugeuka. "Si ndiyo, Mama?"

"Ndiyo," Twyla akajibu.

Leo, akikunja taulo, anaeleza jibu lile. "Nilisema ndiyo kwa sababu alikuwa ananitazama. Lakini mimi mwenyewe sikujua. Dawa ninayotumia ni ndugu wa vile vidonge, ukoo mmoja. Nikajiuliza, hiyo mashine yao ya kupimia itajua nani ni dada na nani ni mwizi?"

Swali lenyewe lilikuwa rahisi. Angeweza kuwauliza watu wa chuo. Angeweza kuuliza kliniki. Hakuuliza popote, tangu Januari hadi Aprili.

"Mtu aliyewahi kuwa teja hajui kuuliza," anasema. "Ukiuliza tu, unaona wanakutazama mikono. Unahisi ni kama umekiri kosa. Nikasema nikiuliza watajua, na wakijua wataandika, na wakiandika itafika kazini, na ikifika kazini imefika mahakamani, na mtoto sitamwona tena. Mimi hofu yangu ikianza mlango huu, inatokea mlango wa saba."

Maombi akayatuma hivyo hivyo. Shanda alijaza kila kitu kwa simu yenye kioo kilichopasuka, akapiga picha bili ya umeme kuthibitisha kwamba mama yake ni mkazi wa jimbo, akambusu shavuni na kubonyeza. Katikati ya Aprili jibu likaja. Amekubaliwa, kwa sharti moja: alete kipimo kabla mwezi haujaisha.

Shanda alipiga kelele za furaha hadi mbwa wa jirani akabweka. Twyla alipiga kelele pamoja naye. Halafu akaingia chooni kwa baba yake, akafungua maji ya bomba, akatapika.

Kesho yake hakuweka dawa chini ya ulimi. Alikuwa ameamua peke yake, bila kumshirikisha mtu: aiache hadi mwili utakate, apime, kisha airudie. Alidhani ataweza. Siku ya kwanza ikapita, akajipongeza. Siku ya pili pua zikaanza kumtiririka, akamwambia Shanda ni mafua. Siku ya tatu arosto, ugonjwa wa kukosa dawa, ikamkamata sawasawa.

"Kama hujawahi kuipata, sina namna ya kukueleza," anasema. "Miguu inajirusha yenyewe. Unatoka jasho na unasikia baridi. Nywele zinauma. Na kuna sauti, si sauti ya shetani, hapana, ni sauti ya upole kama ya mama yako, inasema: kimoja tu, mwanangu, upumzike."

Alikwenda kazini hivyo hivyo. Ilikuwa mchana, saa ya kugawa dawa za wazee. Twyla alipanda na kigari cha shuka safi hadi ghorofa ya juu. Alipokunja kona ya ukumbi alikiona kigari kingine, cha dawa, kimeachwa katikati ya njia. Muuguzi alikuwa amekimbilia chumba ambamo mtu alikuwa ameanguka. Droo moja haikufungwa vizuri.

Anaacha kukunja anapofika hapa. Anashika ukingo wa meza.

"Niliviona. Sikuhitaji kusoma maandishi. Ukishavijua unavijua kama unavyojua meno ya mtoto wako."

Hajui alisimama muda gani. Anachokumbuka ni kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaachia kigari cha shuka na ulikuwa hewani. Hapo ndipo aliposikia mtu nyuma yake. Alikuwa Bi Icie, ajuza ambaye hushinda ukumbini kwenye kiti chake cha magurudumu akiwasalimu wapita njia.

"We binti," Bi Icie akasema. "Mbona umelowa hivyo? Una homa?"

"Ndiyo, mama. Nina homa."

"Basi usinisogelee, mimi nimebakiza mwaka mmoja au miwili na ninaitaka yote."

Twyla aliangua kicheko, na kicheko hicho kikageuka kilio. Alisukuma kigari chake akipita kando ya kile kingine huku amefumba macho, akagonga ukuta, akaendelea. Alipofika chini aliingia chooni, akageuza mifuko yote nje kuhakikisha kwamba mkono wake haukufanya jambo bila yeye kujua. Haukufanya. Akapiga simu kliniki.

Aliyepokea ni Garnet Sizemore, mshauri wa waraibu, mwanamume mnene ambaye miaka ya nyuma alilala chini ya daraja moja na wateja wake wa sasa.

"Uko wapi?" Garnet akauliza alipoisikia tu pumzi yake.

"Kazini. Chooni."

"Una kitu mkononi?"

"Sina."

"Una hakika?"

"Nimegeuza mifuko, Garnet. Sina."

"Njoo. Usipite popote. Hivyo hivyo ulivyo."

Alimwambia msimamizi wake kwamba anatapika, jambo ambalo lilikuwa kweli, akaendesha gari kupitia vilima vile huku akiwa amefungua madirisha yote. Garnet alikuwa amesimama mlangoni akimngoja. Alimkalisha, akamfunika blanketi, akamletea maji, akasikiliza mkasa wote kuanzia jikoni kwa Hobert hadi ule mkono uliokuwa hewani.

"Nani alikwambia uache dawa?" akauliza.

"Hakuna mtu."

"Basi huyo Hakuna Mtu ni mpumbavu sana. Ukimwona mwambie Garnet kasema."

Kisha akamweleza, polepole, kile ambacho angeambiwa Januari kama angeuliza. Dawa iliyoandikwa na daktari haimfelishi mtu. Anakwenda na barua ya daktari wake. Mashine ikiona kitu, daktari wa kupitia majibu anapiga simu, analinganisha na barua, anaandika kwamba hakuna tatizo. Hiyo ndiyo kazi yake.

"Kitu pekee ambacho kingekufelisha," Garnet akasema, "ni hiki ulichokuwa unafanya. Ungeacha, ungerudia vidonge, na mwili wako sasa hauvimudu tena. Sisi tungekuja na maua, Shanda angevaa nyeusi, na jimbo lingebaki na hela zake."

Twyla anasema hakulia. Alitetemeka tu hadi dawa aliyopewa palepale ilipoanza kufanya kazi. Kisha akafikiri jinsi kifo kilivyokuwa karibu, na kwa sababu ndogo namna gani.

Kituo cha kupimia kilikuwa mjini. Twyla alikwenda na barua ndani ya bahasha, na dola arobaini na tano alizoziweka akiba tangu alipopata jibu. Alifungua mlango. Nyuma ya kaunta alikaa Dreama Toler, waliyesoma naye darasa moja tangu utotoni, ambaye shangazi yake husali kanisa moja na nusu ya wafanyakazi wa nyumba ya wazee.

"Twyla! Unafanya nini huku, mpenzi?"

"Nimekuja kupima. Ya chuo."

"Chuo! Hongera!" Dreama akaifungua bahasha, akasoma, uso ukabadilika. "Sikujua."

"Hukutakiwa kujua."

"Hii haitoki hapa," Dreama akasema, akamkabidhi kikombe.

Ikatoka. Twyla hajui ilipita mdomo gani, na hataki kumtaja mtu. Anachojua ni kwamba baada ya wikendi aliingia kwenye chumba cha chai kazini, na mwenzake mmoja, mwanamke ambaye wamekula pamoja miaka mitatu, akaunyanyua mkoba wake kutoka kwenye kiti cha jirani na kuupakata.

"Hakuniambia neno. Aliuhamisha tu. Nikakaa, nikanywa chai yangu, chai ikawa haina ladha."

Siku hiyo hiyo msimamizi wake, Bi Pruitt, alimwita ofisini. Alitaka ufunguo wa stoo ya shuka ya ghorofa ya juu. Stoo hiyo inatumia mlango mmoja na chumba cha dawa.

"Si kwamba nakushuku, mpenzi," Bi Pruitt akasema.

"Basi niachie."

Bi Pruitt alinyoosha mkono, na Twyla akauweka ufunguo humo. Tangu hapo shuka za juu anazipeleka hadi kwenye ngazi, na mtu mwingine anazipokea.

Ndiyo sababu anakubali habari zake ziandikwe. "Andikeni jina langu lote," anasema. "Wameshaambiwa wote. Nilikuwa naogopa miaka minne kwamba watajua. Sasa wanajua, na inauma vile vile nilivyodhani itauma. Lakini niko hapa, nafua."

Simu inaita wakati mashine ya kukaushia inazunguka mzunguko wa mwisho.

Twyla anaichomoa, inamteleza, anaidaka kabla haijagusa sakafu. Anajibu kwa jina lake lote, kama mtu aliye kizimbani. Sauti ya mwanamume aliyechoka inamuuliza tarehe ya kuzaliwa. Inamuuliza anatumia dawa gani, kiasi gani, tangu lini, nani anamwandikia. Anajibu.

"Sawa," sauti inasema. "Nitaandika kwamba hakuna tatizo."

"Maana yake nimefaulu?"

"Maana yake hakuna tatizo, mama."

"Samahani, daktari. Unaweza kusema tena?"

Daktari anasema tena. Simu inakatika. Twyla anafungua mashine na kutoa shuka zote, moja baada ya nyingine, kwa sababu zikiachwa zitakunjamana na itabidi zifuliwe upya.

Baada ya zamu hakwenda kwake. Alipanda moja kwa moja kilimani kwa baba yake, na njiani hofu ikamrudia upya, kubwa kuliko ile ya asubuhi. Angeweza kumwambia binti yake neno moja tu, nimefaulu, na mambo yakaisha kwa keki. Shanda asingejua. Garnet asingesema.

"Nilizima gari nikakaa," anakumbuka. "Nikasema, Twyla, ulipouza ule msumeno pia ulisema nusu tu ya ukweli."

Akaingia. Akasema amefaulu, na Shanda akaruka. Akamshika mikono, akamkalisha, akamweleza yaliyobaki: siku tatu bila dawa, kigari cha dawa ukumbini, mkono uliokuwa hewani.

Shanda alimsikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo yale mafua..."

"Hayakuwa mafua."

"Nilikutengenezea chai ya limau, Mama. Nilikutengenezea chai ya limau na wewe ulikuwa unakufa?"

Hobert hakutania. Alikuwa anaangalia chini, na pumzi zake zilikuwa fupi. Shanda alitoka nje hadi barazani, akapigiza mlango. Twyla hakuthubutu kumfuata. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akiwa na hakika kwamba amempoteza mara ya pili, na safari hii bila mahakama.

Binti aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alisimama mbele ya mama yake.

"Ungekufa kwa sababu ya ada."

"Kwa sababu sikutaka kukuangusha."

"Basi niangushe! Umeshaniangusha mara ngapi? Si niko hapa?" Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Mama, naomba kitu kimoja tu. Usiniogope."

Siku chache baadaye, anaposimulia maneno hayo kwenye chumba cha kufulia, Twyla anageuka kuangalia mashine ambayo haihitaji kuangaliwa.

Masomo yanaanza Agosti. Bi Pruitt amekubali kumhamishia zamu za jioni na mwisho wa wiki, ingawa ufunguo hajaurudisha. Kipimo kitajirudia kabla ya kila muhula, na Twyla amekwisha kuweka tarehe ya Desemba kwenye kalenda ya ukutani. Hategemei kwamba hofu itakwisha. Anachopanga ni kuuliza mapema. Amemwambia Garnet hivyo, na Garnet amejibu kwamba yeye ndiye atakayempigia Twyla kwanza, maana hamwamini.

Mpango wake ni huu: amalize miaka miwili, apate kazi kwenye kliniki ya mapafu iliyo kaunti ya jirani, na jioni apite nyumba kwa nyumba bondeni kuwaangalia wazee wenye mashine kama ya baba yake. "Wapo wengi wanaolala wamekaa," anasema, "wanaogopa wakilala chali hawataamka. Hofu hiyo naijua, ingawa yangu haikuwa ya mapafu. Nadhani nitawafaa."

Kabla ya hapo kuna jaribio la hesabu, ambalo chuo kitalitumia kumpangia darasa. Hilo nalo linamnyima usingizi. Tangu sekondari hajagusa sehemu wala desimali.

Shanda ndiye mwalimu. Yeye mwenyewe ufadhili wake bado haujakamilika. Kwenye mtihani wa taifa alikosa alama moja tu ya kiwango ambacho jimbo linataka, na mwezi Juni anaurudia. Jumapili hii wamekaa mezani jikoni kwa Hobert, mama na binti, karatasi zimetapakaa kati ya bakuli za maharagwe. Hobert anasinzia.

Twyla amekosea swali la tatu mfululizo. Anaweka penseli chini. Shingo yake imekuwa nyekundu.

"Nikifeli hili, inakuwaje?" anauliza.

"Unarudia."

"Wanakuita ofisini?"

"Hapana."

"Wanakuandika mahali?"

"Mama. Mimi si nimefeli? Umeona mtu amekuja kunichukua?"

"Kwa hiyo hawakunyang'anyi kitu."

"Hawakunyang'anyi kitu. Unarudia tu, hadi upate."

Twyla anamtazama binti yake kama mtu aliyeambiwa bei ndogo kuliko aliyoitegemea. Anaokota penseli.

"Haya," anasema. "Nipe lingine."